Moshi wa Baba Oresta

Siku mliyoniaga meneja alinipa nafasi niseme neno. Nikasema asanteni nikakaa, maana soda zilikuwa zinapata moto na watu wana kwao. Neno lenyewe ni hili, nimeliandika nyumbani nikiwa nimenyoosha miguu. Kuandika nilijifunza kwenye kisomo cha watu wazima nikiwa na watoto wanne tayari, kwa hiyo msihangaike na nukta. Mjukuu wangu, aliyepewa jina la mwanangu Editha, amenisahihishia pale nilipomkubalia. Ni wa kwanza darasani, na sisemi kwa kujisifu, nasema kwa sababu ni kweli.

Nilianza kazi ghalani kipindi kile watu wanahamishiwa vijijini. Nilitoka kijijini Kate na blanketi moja na mtoto mgongoni, nikafikia kwa shangazi yangu mtaa wa Milanzi, hapa Sumbawanga, na wiki ile ile nikasikia wanatafuta wanawake wa kushona midomo ya magunia. Nilidhani kushona ni kushona. Aliyenipokea ni Yustina, tuliyemwita Mama Oresta, mwanamke mrefu mkavu mwenye vidole kama mizizi. Nilimwamkia, akaitika, akaniwekea shazia mkononi, ile sindano nene ya magunia iliyopinda nchani, halafu akaniangalia ninavyoishika.

"Mkono wako ni wa jembe," akasema. "Jembe unalipiga chini. Hili unalivuta."

Basi nikafundishwa kuvuta. Unaanza kwenye kona, unakunja sikio la gunia na kulifunga mara mbili kwa kamba ya katani, unakwenda kwa mishono ya vidole viwili viwili, unamalizia kwa sikio la pili. Masikio ndiyo anayoshika mpagazi akilitupa begani. Gunia lisilo na masikio humdondokea mtu mguuni, na mguu huo unaweza kuwa wa jirani yako. Ninyi wa sasa mnashona kwa mashine, ila naona masikio yenu siku hizi ni madogo. Nilikuwa nataka kusema siku nyingi.

Kitu cha pili alichonifundisha Mama Oresta ni kusikiliza. Kabla ya kuchoma gunia kwa bambo kutoa punje za kupima, alikuwa analilaza sikio lake juu. Nami nikalaza langu. Mwanzoni husikii kitu. Halafu inakuja sauti kama mvua ya mbali inayonyesha juu ya nyasi kavu. Ni wadudu wanakula ndani. Gunia zima, limetulia, limeshonwa vizuri, na ndani yake kunaliwa. Akasema likisema liweke pembeni, usilishone. Kwa miezi kadhaa nilipolala nilikuwa naisikia mvua ile kwenye mto wangu.

Ghala lenyewe mnalijua, lakini wakati ule halikuwa na zile taa. Malundo ya magunia yalipanda mpaka karibu na bati, na katikati yake vichochoro ambavyo hata saa sita mchana unapapasa. Sauti humo ilipotea njia. Mtu anakuita kutoka kulia, jibu linatoka kushoto. Wenyeji wa kazi walikuwa na kanuni yao: ukiitwa kichochoroni, usiitike mpaka uitwe mara ya pili. Hakuna aliyenieleza kwa nini, na mimi sikuuliza. Siku za kufukiza dawa malundo yalifunikwa maturubai, upepo wetu huu wa Ufipa ukaingia chini ya milango, na maturubai yakawa yanapanda na kushuka, yanapanda na kushuka, kama kuna mtu mkubwa amelala humo. Baadaye unaingia na ufagio na kukuta shomoro wametapakaa sakafuni, midomo wazi. Hiyo nayo ilikuwa kazi yangu.

Mume wa Mama Oresta alikuwa mzee Sikazwe, mkuu wa wapagazi. Yeye ndiye aliyejua lundo lianze wapi ili lisianguke. Mtu mpole, mcheshi kwa sauti ya chini, na sigara mdomoni. Wakati huo wanaume walivuta popote, hata juu ya malundo, mpaka meneja alipokuta kitako cha sigara kimechoma gunia tundu na kuzimika chenyewe kwa bahati. Akapiga marufuku. Anayetaka kuvuta akavutie nje, kibarazani au getini.

Mnajua kipupwe chetu. Mwezi wa saba pale nje upepo unakukata masikio. Wanaume wakanung'unika, na mnung'uniko ukamfikia katibu wa tawi letu la chama cha wafanyakazi, Ndugu Mwaipopo, kijana msomi aliyetokea Mbeya, mwenye suruali iliyopigwa pasi kila siku ya Mungu. Sikumchukia. Alipigania mabuti ya wapagazi akayapata, alipigania likizo ya uzazi tukaipata. Alipokuwa na haki alikuwa na haki kabisa, ndiyo maana alipokosea ilikuwa vigumu kuona kosa lake.

Hapo ndipo akaja bwana wa sigara. Alikuwa mjumbe wa kampuni, na gari lenye picha ubavuni. Alituonyesha sinema kwenye shuka lililofungwa ukutani, akagawa pakiti bure, akaipa timu yetu ya mpira jezi. Alikaa na Mwaipopo ofisini, na walipotoka walikuwa wanasema kwa sauti moja. Mwaipopo akatukusanya akasema mkoloni ndiye aliyekuwa anamfukuza mfanyakazi nje kama mbwa akitaka kuvuta. Leo tumejitawala. Kuvuta ni mapumziko, mapumziko ni haki, na tawi halitakubali meneja airudishe enzi ile. Bwana wa sigara alisimama nyuma yake akitikisa kichwa taratibu, kama mtu kanisani.

Meneja aliogopa kuitwa mkoloni. Nani asingeogopa miaka ile? Wakakubaliana: kwenye malundo hapana, lakini chumba cha kushonea kiko mbali na malundo na kuta zake ni za tofali, basi kiwe pia chumba cha mapumziko. Kampuni ikatoa mabenchi mawili yaliyopakwa rangi, vikombe, kalenda na ndoo ya mchanga. Tulikuwa wanawake sita tunaoshona humo kutwa. Hakuna aliyetuuliza. Tulikuwa wanachama, tulikuwa na kadi, tukaambiwa tawi limeshinda, na tukapiga makofi. Mimi pia nilipiga.

Toka siku hiyo moshi ulikaa nasi. Madirisha ya chumba kile yalikuwa juu, madogo, ya kuzuia ndege. Moshi ulipanda ukakuta bati, ukatandaza kama dari la pili, ukashuka kidogo kidogo mpaka usawa wa macho yetu. Mzee Sikazwe alikuwa na mahali pake, mwisho wa benchi, karibu na goti la mkewe. Alikung'uta majivu kwenye kopo la maziwa alilotundika kwa waya, na kitako alikizima kwa kukikunja kati kama goti la panzi. Hakuna mwingine aliyezima hivyo.

Alifia pale pale. Kengele ya kurudi kazini ililia, wenzake wakainuka, yeye hakuinuka. Mama Oresta alikuwa anashona, akamwambia bila kugeuka kwamba wenzio wanakwenda. Sigara ilikuwa bado inawaka kati ya vidole vyake, imefika nusu. Macho yalikuwa wazi, yanaangalia mkono wa mkewe. Wengine wakasema ni moyo, wengine wakasema mambo ambayo hapa Sumbawanga watu husema. Tulimzika, padri akaja, matanga yakapita.

Sasa mwelewe desturi. Kwetu marehemu aliyeondoka ghafla huachiwa kidogo cha kile alichokatishwa. Kama alikuwa anakunywa, unamwachia pombe ya ulezi kibuyuni karibu na mlango. Wapagazi walikaa wakafikiri, wakaona mzee alikatishwa sigara. Basi jioni, kazi ikiisha, mmoja wao alichukua sigara kwenye zile za kampuni, akaiwasha, kwa kuwa maiti hawezi kupiga kiberiti, akaiweka mwisho wa benchi, kisha tunafunga mlango na kwenda zetu. Sigara inayowaka, kwenye chumba kilichojaa kamba za katani na magunia matupu. Hakuna aliyeona ni wazimu. Hata meneja alipojua alikohoa tu akapita. Nani amnyime marehemu?

Ufunguo wa asubuhi ulikuwa wangu, kwa kuwa nilikuwa nafagia kabla wengine hawajaja. Mimi nasimulia nilichofagia. Sigara ukiiacha iungue peke yake, majivu yake hubaki marefu, mazima, kama kidole cheupe kilicholala. Niliyategemea hayo. Nikakuta benchi safi. Majivu yalikuwa kwenye kopo, yamekung'utwa, na kitako kimekunjwa kati. Kesho yake hivyo hivyo. Nikafikiri ni mlinzi, lakini mlinzi alikuwa mlokole, hata chai ya rangi aliitilia mashaka. Nikamwambia Mwaipopo. Akacheka kwanza, akasema Mama Editha unalala vibaya. Siku moja akaja mapema, tukafungua mlango pamoja. Akaangalia kopo. Hakucheka tena. Alitoa kitambaa akafuta kiganja kimoja, halafu kingine.

Wakati huo kifua cha Mama Oresta kilishaanza. Mwanzo kikohozi cha asubuhi, baadaye cha mchana, baadaye kikohozi kisicho na mwisho, kinachomkunja mtu mpaka kipaji kinagusa gunia. Siku moja machozi ya moshi yalimziba akashona upindo wa kanga yake kwenye mdomo wa gunia, mishono kumi na kitu mizuri kabisa, na hakujua mpaka mpagazi alipolinyanyua na yeye akavutwa nalo. Tulimkata kwa kisu. Kila mtu alicheka isipokuwa yeye na mimi.

Nilimpeleka hospitali ya misheni mwenyewe. Daktari alimsikiliza mgongo muda mrefu, kama tunavyosikiliza gunia, nami nikaona uso wake nikajua amesikia ile mvua. Akasema kwa ufupi: moshi utoke kwenye chumba, au huyu mama atoke. Akiendelea kuuvuta, hatakiona kiangazi kingine.

Ofisi ilikuwa tayari kumhamishia kituo cha kununulia mahindi kule Chala. Mama Oresta alikataa. Nyumba yake ilikuwa hapa, kaburi la mume hapa, na kazi aliyoijua ni hii. Basi nikaenda kwa Mwaipopo kumwomba jambo dogo: benchi la wavutaji litoke likae kibarazani. Akaniambia wiki ijayo bwana wa sigara analeta redio ya tawi, na anataka kuwaonyesha wakubwa wake kwamba chumba chetu ni cha mfano. Tukilitoa benchi tutamwaibisha rafiki wa wafanyakazi. Nikamwuliza Mama Oresta si mfanyakazi? Akautazama mlango. Halafu akashusha sauti, na huyu ndiye yule msomi.

"Na yule mzee je, Mama Editha? Nani atamtoa?"

Wapagazi nao wakasema hivyo hivyo. Wao hawana neno na Mama Oresta, lakini nani atanyanyua benchi na mtu amekaa? Na hivyo tawi, na kampuni, na marehemu, wote wakawa upande mmoja.

Nikaona mwenye uwezo ni mke tu. Nikamfuata nyumbani kwake, alikuwa anapepeta ulezi kidogo kidogo, anapumzika kati. Nikamwambia aseme neno, wewe ukisema watakusikiliza. Aliweka ungo chini.

"Wewe unaniona ninavyokohoa," akasema. "Lakini asubuhi nikiingia nikausikia ule moshi, najua yupo. Nyumbani hayupo, mwenzangu. Nimemtafuta. Nyumbani hajarudi hata siku moja. Yuko kule tu. Sasa nikimfukuza kule, ataenda wapi, na mimi nitabaki na nini?"

Mume wangu alikuwa hai wakati ule, anakoroma kila siku, na nilikuwa namwona ni kero.

Siku ya redio ilifika, asubuhi ya baridi, ukungu umelala hadi kwenye geti. Kikao kilifanyika chumbani mwetu, wote tumesimama, mabenchi yamefutwa. Redio ilikuwa mezani na utepe. Bwana wa sigara akahutubia. Alisema kampuni na wafanyakazi ni kitu kimoja, hapa Sumbawanga wamewafundisha wenzao wa mikoa mingine namna mwajiri, tawi na mvutaji wanavyoweza kukaa chumba kimoja bila ugomvi. Mama Oresta alikuwa nyuma yake amejifunika kanga mdomoni, mabega yanatikisika, anajitahidi asimkatize mgeni.

Alipomaliza, bwana akatafuta mahali pa kukaa. Hakuna aliyewahi kumwambia. Akaenda moja kwa moja mwisho wa benchi, mahali pa mzee Sikazwe, akakaa.

Wapagazi wakarudi hatua moja nyuma. Yeye akatabasamu, halafu tabasamu likabaki peke yake usoni. Akainuka polepole, akapapasa nyuma ya suruali.

"Hili benchi lina joto," akasema.

Nje maji ya ndoo yalikuwa yameganda ukingoni. Hakuna aliyekuwa amelikalia toka jana. Bwana akasogea mpaka ukutani, na hapo kila mtu akaona moshi. Hakuna aliyekuwa amewasha, kwa heshima ya kikao. Ulikuwa uzi mwembamba, unapanda kutoka mwisho wa benchi, kwenye urefu wa mkono wa mtu aliyekaa. Ukafika kwa Mama Oresta. Akakohoa, na safari hii hakikuwa kikohozi cha kuomba radhi. Alikohoa hadi akapiga magoti, nikamshika kwapani, na alipoiondoa kanga mdomoni ilikuwa na damu. Aliitazama ile damu. Kisha akasimama, akaniondoa mkono, akaligeukia benchi.

"Baba Oresta."

Mwaipopo akasema kwa sauti isiyo yake kwamba mama, kikao kina utaratibu, maoni yanapitia kwa mwenyekiti.

"Mwaipopo, unaingilia mtu na mumewe?"

Mmoja wa wapagazi alicheka, kisha akajiziba mdomo. Mama Oresta hakumwangalia. Aliongea kwa Kifipa, kwa sauti ya jikoni, kama mtu anayemwambia mwenzake asogeze kiti. Nawaandikia kwa Kiswahili.

"Nimekupikia, nimekuzalia, nimekuzika. Ulikuja kukaa na mimi, nimekuona, asante. Lakini unaniua, baba. Hujui, ndiyo maana hukasirikiwi. Mimi bado nina kazi hapa. Nenda kavutie nje."

Tukangoja. Mlango ulikuwa wazi na upepo ulikuwa unaingia kwa nguvu, unazirusha kalenda za kampuni ukutani. Ule uzi wa moshi ukapinda. Ukaelekea mlangoni. Mniulize mimi, niliyesimama pale kanga ikinipiga mgongoni: upepo ulikuwa unaingia, na moshi ulikuwa unatoka. Ulipita katikati ya upepo bila kutawanyika, taratibu, kwa mwendo wa mzee anayeumwa mgongo, ukavuka kizingiti.

Mama Oresta akawaambia wapagazi sasa mpelekeeni benchi lake, hawezi kusimama huko kwenye baridi. Wawili wakaja kulinyanyua. Hawa ni watu wanaopanda lundo na gunia la mahindi begani huku wanapiga hadithi. Likawashinda. Wakaongezeka wengine wawili, wakalichukua mabegani, na bila kuambiana wakatembea ule mwendo wa kubeba jeneza. Walipolitua kibarazani walilitua upande mmoja kwanza, kwa uangalifu, kama unavyomtua mgonjwa. Lile la pili lilitolewa na mtu mmoja, kwapani.

Yaliyofuata kikaoni ni ya kuchekesha, kama mnapenda kucheka. Bwana wa sigara alikuwa wa kwanza kupata sauti, akasema kampuni siku zote imeunga mkono uvutaji wa mahali penye hewa. Mwaipopo akaafiki, akaweka azimio kwamba tawi, kwa kushirikiana na kampuni, limewapatia wanawake chumba kisicho na moshi. Tukapiga makofi tena. Safari ya pili bwana alileta kibao chenye rangi za kampuni na mshale unaoelekea kibarazani, yeye mwenyewe hakushuka kwenye gari. Ndiyo kanuni mliyoikuta ninyi, na mnadhani ilitoka makao makuu.

Lakini mimi nataka kuwaambia asubuhi ya pili yake. Nilifungua mlango, nikafagia, hapakuwa na kitu cha kufagia. Mama Oresta akaja, akasimama kizingitini. Chumba kilinuka katani na mahindi makavu tu. Akavuta pumzi, nikaisikia inaingia mpaka mwisho bila kukwama, ya kwanza kwa muda mrefu. Akavuta nyingine, anatafuta, uso umeinuliwa kama mtu anayetega harufu ya mvua. Aliangalia pale mwisho palipokuwa na benchi, sakafu imebaki na alama ya miguu yake.

Wenzetu waliingia wakikanyaga kuondoa baridi, wakampongeza, wakasema sasa utapona. Na kweli alipona kiasi, alishona nami misimu mingi. Yeye aliwaitikia wote vizuri. Akakaa, akavuta gunia la kwanza, akakunja sikio, akalifunga mara mbili. Halafu akaniinamia, kwa sauti ya kunitosha mimi peke yangu.

"Mama Editha," akasema, "leo ndiyo nimefiwa."

Akatia kamba kwenye shazia.